John Barnes hakuishia Helsinki

Kuna ubishi uliokaa kwenye baraza yetu ya Kuze, Mombasa, kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto waliokuwa wakitumwa kuleta kahawa sasa ni watu wazima, wanakaa na kubishana nasi. Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, anashikilia kwamba John Barnes, winga wa Liverpool na timu ya taifa ya Uingereza, alikwisha tarehe 3 Juni 1992 mjini Helsinki, siku kano ya kisigino chake ilipokatika katika mechi ya kirafiki baina ya Uingereza na Finland, na kwamba miaka saba iliyofuata ilikuwa ya mtu aliyekataa kutoka uwanjani hali taa zimeshazimwa. Mimi nashikilia kwamba miaka hiyo saba ndiyo inayotuonyesha kilichokuwa kichwani mwake tangu mwanzo, kwa kuwa mbio zilipoondoka kilibaki kile ambacho mbio zilikuwa zimekifunika. Baraza si mahali pa kumaliza hoja ya namna hii, maana kahawa hupoa, muadhini huita, na mwenye sauti kubwa huondoka na ushindi. Kwa hiyo nimeona heri niiandike peke yangu, mahali ambapo hakuna wa kunikatiza.

Ni haki nikiri mapema kwamba Ami anajua anachokisema. Yeye mwenyewe alicheza namba kumi na moja, kushoto, katika mechi za mitaa pale Makadara, mara nyingine kwa viatu vya kuazima na mara nyingine bila viatu, na kwa mchezaji wa pembeni mbio ndizo mtaji wa duka. Winga asiyekuwa na mbio, husema, ni dau lililopasuka tanga: kuelea linaelea, lakini hakuna anayelingoja ng'ambo. Alipoumia goti akiwa na miaka ishirini na sita, hakujaribu kurudi nyuma kucheza kiungo wala beki. Aliziuzia soksi zake mbali, kama asemavyo, akaingia bandarini kufanya kazi. Huenda ndiyo sababu suala la Barnes linamgusa mahali ambapo halinigusi mimi niliyekuwa mtazamaji tu.

Barnes tulimwona kwa kaseti. Runinga ya taifa wakati huo ilituonyesha mpira wa Ujerumani kuliko wa Uingereza, na matokeo ya Liverpool tuliyapata kwa redio au kwa gazeti la siku mbili nyuma. Jirani yetu mmoja, baharia aliyekuwa akiingia na kutoka Kilindini, ndiye aliyekuja na kaseti ya mechi ya Liverpool dhidi ya Nottingham Forest ya tarehe 13 Aprili 1988, ile iliyokwisha kwa mabao matano bila jibu. Tuliipiga kaseti hiyo mpaka ikawa haijulikani tena zipi ni chenga za Barnes na zipi ni chenga za kioo. Katika mabao yale matano yeye hakufunga hata moja. Walifunga Ray Houghton, Gary Gillespie, Peter Beardsley, na John Aldridge mara mbili. Lakini ulikuwa huwezi kuitazama mechi ile ukamtazama mwingine. Tom Finney, aliyekuwa winga mkubwa wa Uingereza katika miaka ya arubaini na hamsini, alikuwapo uwanjani, na aliusifu mchezo wa Liverpool wa usiku ule kwa maneno ambayo wazee wa mpira hawayatoi ovyo.

Nilichokiona katika kaseti ile, na ambacho Ami hakikubali mpaka leo, ni kwamba Barnes hakuwa akimpita beki kwa kukimbia. Alikuwa akimpita kwa kusimama. Angalia vizuri: mpira unamfikia kushoto, jezi namba kumi mgongoni ingawa anacheza pembeni, naye badala ya kuusukuma mbele anauweka chini ya mguu na kuupunguzia mwendo mpaka unakaribia kulala. Beki naye inambidi apunguze. Sasa wote wawili wamesimama, na aliyesimama hana budi kuweka uzito wa mwili juu ya mguu mmoja. Barnes anangoja tu uzito ule uangukie mguu upi, kisha anaondoka kwa upande wa pili. Mbio zilikuja baadaye, kwa ajili ya kuongeza pengo ambalo lilikuwa limeshapatikana. Wala hakuwa mwembamba wa kupeperuka, kama tulivyozoea kuwawazia mawinga. Alikuwa na mapaja ya mchukuzi wa magunia, na ukimjia kwa nyuma ulikutana na mgongo na makalio, mpira wenyewe uko mbali upande wa pili. Na guu lenyewe la kushoto! Sisi tuliolelewa pwani tulikanywa tusile wala tusimpe mtu kitu kwa mkono wa kushoto, na mtoto mashoto alipigwa vidole hadi akaacha, lakini kiwanjani mashoto alitafutwa mtaa kwa mtaa kama lulu.

Barnes hakuzaliwa Uingereza. Alizaliwa Kingston, Jamaica, tarehe 7 Novemba 1963, na baba yake, Ken, alikuwa ofisa wa jeshi mwenye asili ya Trinidad. Mwaka 1976 baba alipelekwa London kuwa mwambata wa kijeshi, na mtoto akaenda naye akiwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa akichezea Sudbury Court, timu ya ridhaa, Watford walipomchukua mwaka 1981, na malipo yaliyotolewa kwa ajili yake yalikuwa seti ya jezi. Hapa kwetu seti ya jezi hutolewa na mwanasiasa mwaka wa uchaguzi, na anachopata ni kura za mtaa mzima. Watford walipata John Barnes, nami sijui ni nani aliyefanya biashara nzuri zaidi. Chini ya kocha Graham Taylor, timu ile iliyokuwa ikirusha mipira mirefu ilipanda daraja mwaka 1982, msimu uliofuata ikamaliza ya pili nyuma ya Liverpool, na mwaka 1984 ikafika fainali ya Kombe la FA, ikafungwa na Everton 2-0.

Majuma machache baada ya fainali hiyo, tarehe 10 Juni 1984, akaenda na timu ya taifa Rio de Janeiro. Bao alilolifunga huko katika uwanja wa Maracanã ndilo linalojibu swali la Barnes ni nani kwa watu wengi, na ndilo Ami analoliomba kila simu inapopita mikononi mwake. Kipindi cha kwanza kinakaribia kwisha. Mpira unakuja juu kutoka upande wa kulia, anaushusha kwa kifua kushoto mwa uwanja, kisha anaingia ndani. Beki wa kwanza anapitwa, wa pili anapitwa, wa tatu anajirusha na kukuta nyasi, na inafika mahali ambapo mtazamaji anaanza kutafuta kwa macho mwenzake wa kupasiwa, maana haiwezekani mtu akaendelea hivi. Anaendelea. Kipa anatoka, anapitwa naye, na mpira unasukumwa langoni taratibu kana kwamba ni mtoto anayeingizwa ndani magharibi. Alikuwa na miaka ishirini. Kipindi cha pili alipiga krosi, Mark Hateley akaitia kichwa, na Uingereza wakashinda 2-0. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuifunga Brazil nchini Brazil.

Lililofuata silipendi, lakini kulificha itakuwa kumdhulumu. Ndani ya ndege ya safari ile kulikuwa na kundi la mashabiki wa chama cha wabaguzi, nao walisema kwamba Uingereza imeshinda bao moja kwa bila, kwa sababu bao la mtu mweusi halihesabiwi. Tuliposikia kisa hicho Mombasa, miaka kadhaa baadaye, baharia wetu alisimulia akicheka, lakini baraza zima lilinyamaza. Sisi tulikuwa tumemfanya Barnes wetu bila yeye kujua. Hatukuwahi kufikiri kwamba kule anakovaa jezi kuna watu wanaomhesabia mabao kwa rangi ya ngozi.

Kombe la Dunia la 1986, Mexico, nalipitia haraka kwa sababu kocha Bobby Robson naye alimpitia haraka. Alimweka benchi mashindano yote hadi robo fainali dhidi ya Argentina, Uingereza ikiwa nyuma kwa mabao mawili ya Maradona, lile la mkono na lile la kupita nusu ya timu. Barnes aliingia dakika ya 74. Dakika chache baadaye alimpita beki upande wa kushoto na kumpigia Gary Lineker krosi iliyozaa bao, kisha akapiga nyingine ambayo nusura izae la pili. Ikawa 2-1, safari ikaishia hapo. Kwa jumla aliichezea Uingereza mara 79 na kufunga mabao 11, na nusu ya Waingereza wamelalamika maisha yao yote kwamba hakuwapa wao kile alichowapa Liverpool. Timu ya taifa ilimpa mpira mara mbili kwa kipindi kizima, ikamngoja afanye maajabu kwa hizo mbili. Liverpool ilimpa mara ishirini.

Liverpool walimnunua kiangazi cha 1987 kwa pauni 900,000, Kenny Dalglish akiwa kocha. Msimu ulianza kwa jambo ambalo wakazi wa Mji wa Kale wangelielewa bila kufafanuliwa: bomba kuu la maji taka, la tangu enzi za Malkia Victoria, liliporomoka chini ya jukwaa maarufu la Anfield, uwanja wa Liverpool, na mechi za nyumbani zikaahirishwa mpaka litengenezwe. Barnes akaanza ugenini. Alipofika nyumbani hatimaye, dhidi ya Oxford mwezi wa Septemba, alifunga kwa mpira wa adhabu, na timu ilicheza mechi 29 za ligi tangu mwanzo wa msimu bila kufungwa, mpaka ilipofungwa na Everton mwezi wa Machi. Ubingwa ulikuja, na Barnes akachaguliwa mchezaji bora na wachezaji wenzake na vilevile na waandishi wa habari za michezo. Fainali ya Kombe la FA walipoteza kwa Wimbledon kwa bao moja, na hilo mashabiki wa Liverpool wa mtaani kwetu hukumbushwa hadi wakati wa harusi.

Picha ya msimu ule iliyobaki, hata hivyo, haina kombe. Ni ya mwaka 1988, uwanja wa Goodison Park wa Everton. Shabiki ametupa ndizi uwanjani, nayo imeanguka karibu na Barnes, mchezaji mweusi katika dimba lililojaa makelele ya nyani, naye anaitoa nje kwa kisigino. Ukiitazama picha hiyo mara ya kwanza unaona dharau aliyotendewa. Ukiitazama tena unaona mguu: umelegea, hauna hasira, umeifanyia ndizi kile ambacho ungeufanyia mpira uliotoka nje. Sijui kama utulivu ule ulikuwa ngao au tabia. Katika miaka iliyofuata amezungumza sana juu ya ubaguzi, na mara nyingi amesisitiza kwamba tatizo halianzii kiwanjani wala haliwezi kumalizwa kiwanjani, jambo ambalo baadhi ya waliotaka tu kumwona akikasirika hawakulifurahia.

Tarehe 15 Aprili 1989, katika nusu fainali iliyochezwa Hillsborough, mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa katika sehemu ya jukwaa iliyozidiwa na watu. Waliopoteza maisha, wakihesabiwa pamoja na waliokufa baadaye kwa majeraha yao, ni 97. Barnes alihudhuria mazishi kadhaa katika majuma yaliyofuata. Sisi watu wa pwani tunajua maana ya kuonekana mazikoni. Mtu anaweza kukosa harusi yako ukamsamehe.

Nimefika mahali ambapo hoja yangu na ya Ami zinagongana. Tarehe 26 Mei 1989, siku sita tu baada ya kuwafunga Everton 3-2 katika fainali ya Kombe la FA, Liverpool wanaikaribisha Arsenal Anfield katika mechi ya mwisho ya ligi. Arsenal hawana ujanja ila kushinda kwa tofauti ya mabao mawili. Wanaongoza 1-0, na dakika tisini zimekwisha. Steve McMahon wa Liverpool anawaonyesha wenzake kidole kimoja, kwamba imebaki dakika moja. Mpira anao Barnes, kule mbele, upande wa Arsenal. Mtu yeyote aliyewahi kucheza mpira hata wa makaratasi anajua la kufanya: peleka mpira kwenye kibendera cha kona, uufunike kwa mwili, uache wakupige mateke mpaka refa apulize. Barnes akaamua kumpita Kevin Richardson. Richardson, ambaye muda mfupi nyuma alikuwa chini akitibiwa misuli, akamnyang'anya, akaurudisha kwa kipa John Lukic, naye enzi hizo aliruhusiwa kuudaka. Lukic akaurusha kwa Lee Dixon, Dixon akaupiga mrefu kwa Alan Smith, Smith akampa Michael Thomas, na Thomas akamfunga Bruce Grobbelaar. Arsenal na Liverpool walimaliza na pointi 76 kila mmoja, na tofauti ya mabao ileile. Ubingwa ukaenda kwa Arsenal kwa kuwa walifunga mabao mengi zaidi.

Ami hulisamehe kosa lile kwa urahisi. Winga ni winga, husema, ukimpa mtu mbele yake na nafasi pembeni yake hawezi kukimbilia kona kama mwizi wa kuku. Na kama angempita Richardson akafunga, leo tungekuwa tunaandika mengine. Nami namwelewa. Lakini tulikuwa na Barnes mmoja pale, yule wa mbio, na akili yake ilikuwa bado haijalazimika kufanya kazi peke yake.

Msimu uliofuata alifunga mabao 22 ya ligi akiwa mchezaji wa pembeni, Liverpool wakatwaa ubingwa, waandishi wakamchagua tena. Kisha likaja Kombe la Dunia la Italia, 1990, ambalo kwa upande wetu lilileta aibu ndogo. Robo fainali ilikuwa Uingereza na Cameroon, Barnes akaanza, na baraza letu lote, pamoja na wale waliokuwa na picha yake ukutani, likaishangilia Cameroon bila hata kuulizana. Aliumia na kutolewa mapumzikoni. Cameroon waliongoza 2-1 Roger Milla alipoingia, halafu Lineker akafunga penalti mbili, na mtaa ukalala mapema.

Miaka miwili baadaye ikaja Helsinki. Kano ya kisigino ni ile kamba nene iliyo nyuma ya mguu, juu ya kisigino, na ndiyo inayomrusha mkimbiaji mbele kila anapokanyaga. Ikikatika hushonwa, nayo hupona, lakini kwa wachezaji wengi wa wakati ule, mruko wa hatua ya kwanza haukurudi. Aliyakosa mashindano ya Ulaya ya 1992. Aliporudi hakuwa yeye, au tuseme hakuwa yule waliyemzoea. Mwezi wa Februari 1993, Wembley, dhidi ya San Marino, timu ndogo kupita zote, mashabiki wa Uingereza walimzomea mchezaji wao wenyewe kila alipogusa mpira, na hali timu ilikuwa ikielekea kushinda 6-0. Ami husema kwamba hapo angestaafu kwa heshima yake.

Hakustaafu. Roy Evans alipokuwa kocha wa Liverpool mwaka 1994, Barnes aliingia katikati ya uwanja, mbele ya mabeki, pamoja na kijana Jamie Redknapp. Alikuwa amenenepa, mbio zimekwisha, na kazi yake mpya ilikuwa kuupokea mpira na kuutoa. Basi. Kuupokea na kuutoa, mara themanini, mara tisini, kwa mechi moja. Watu waliokuja kutazama chenga walirudi nyumbani wakinung'unika. Lakini mtazame anavyoupokea: kabla mpira haujafika ameshageuza bega moja nusu, ameshaangalia nyuma, na mwili umeshawekwa baina ya mpira na adui kwa namna ileile ya mwaka 1988, mgongo na makalio kwanza. Tofauti ni kwamba zamani alisimama ili aondoke yeye, na sasa alisimama ili aondoke mwenzake. Steve McManaman na Robbie Fowler, vijana waliokuwa wakikimbia kwa ajili ya watu wawili, walikimbilia nafasi ambazo yeye aliwafungulia kwa kusubiri sekunde moja zaidi ya wengine. Mwaka 1995 Liverpool walitwaa Kombe la Ligi kwa kuifunga Bolton 2-1, mabao yote mawili yakiwa ya McManaman. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo Barnes aliichezea Uingereza kwa mara ya mwisho, dhidi ya Colombia, katika mechi ambayo dunia inaikumbuka kwa kipa Higuita kuokoa mpira kwa visigino viwili akiwa hewani kama nge. Hata siku yake ya kuaga ilichukuliwa na visigino vya mtu mwingine.

Halafu tarehe 3 Aprili 1996. Anfield tena, Newcastle ya Kevin Keegan imekuja kutafuta ubingwa, na mechi imekwenda huku na huku mpaka imekuwa 3-3. Tuko katika dakika za majeruhi. Barnes, miaka thelathini na miwili, anauchukua mpira na kupanda nao kupitia katikati. Anampa Ian Rush, Rush anamrudishia, wanapokezana tena wakiwa wamesogeleana mno, wakongwe wawili, mpaka wanakaribia kugongana. Sasa Barnes yuko ndani ya kumi na nane. Mbele yake kuna msitu wa miguu, na goli liko pale, karibu. Ni Anfield ileile, ni dakika ileile ya saa kama ile ya Mei 1989, na mpira ni wake. Safari hii hamjaribu mtu. Anauacha kidogo, sekunde moja isiyo na maana kwa asiyejua, mabeki wanakusanyika kwake kama samaki kwenye chambo, kisha anautoa kushoto, ambako Stan Collymore amesimama peke yake kana kwamba amesahauliwa. Collymore anapiga, inakuwa 4-3, na Keegan anaangukia ubao wa matangazo kichwa chini.

Watu husema bao la Collymore. Mimi husema pasi ya Barnes, na ndipo watu huanza kuinuka barazani.

Yaliyobaki si mengi. Mwaka 1997 aliondoka Liverpool akiwa amecheza mechi 407 na kufunga mabao 108, akaenda Newcastle, ambako msimu wake wa kwanza alimaliza akiwa mfungaji bora wao wa ligi kwa mabao sita, hesabu inayosema zaidi juu ya Newcastle ya mwaka ule kuliko juu yake. Akafika fainali nyingine ya Kombe la FA, 1998, akafungwa nyingine. Akamalizia Charlton, 1999. Ukocha haukumpenda: Celtic walimpa timu mwaka 1999, na Februari 2000 wakatolewa katika Kombe la Scotland na Inverness Caledonian Thistle kwa mabao 3-1, akafukuzwa. Baadaye aliifundisha Jamaica, nchi aliyozaliwa, nayo ikatwaa ubingwa wa Karibea mwaka 2008. Nadhani kujua wakati wa kungoja ni elimu ya mguuni, na si kila mwenye nayo anaweza kuwafundisha wengine kwa maneno.

Ijumaa iliyopita, baada ya chakula cha mchana, nilimwekea Ami dakika ile ya 1996 kwenye simu. Hakuwahi kuitazama vizuri. Alikuwa akiisikia tu kutoka kwangu. Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la kikoi, akaivaa, akanishika mkono ili simu isitikisike. Mpira ulipofika kwa Collymore akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akatazama tena, akaniambia nisimamishe pale Barnes anapouacha mpira, kabla hajautoa. Nikasimamisha. Alikaa akiiangalia picha ile iliyoganda muda mrefu, mabeki wote nyuso zimemwelekea mtu mmoja mnene aliyesimama.

"Hii nzuri," akasema. "Wallahi hii nzuri."

Akaegemea ukuta, akanyosha lile goti lake.

"Haya, sasa nitilie ile ya Brazil."